Mwili Una Nguvu, Moyo Una Kasoro: Maswali na Majibu kuhusu Unene wa Misuli ya Moyo

Mtu wa miaka thelathini na kitu, asiyevuta sigara na anayekimbia kilomita 10 kila Jumamosi, anakwenda kupimwa afya kwa sababu mwajiri mpya ameagiza hivyo, kisha anatoka na karatasi inayosema misuli ya moyo wake ni minene kupita kawaida. Watu wa namna hii hufika kliniki na maswali yao wenyewe, kwa kuwa hawakuwahi kujihisi wagonjwa. Majibu yafuatayo yanahusu hali ambayo kitaalamu huitwa haipatrofiki kadiomayopathi, nasi hapa tutaiita unene wa misuli ya moyo.

Nimefanya mazoezi tangu ujana na presha yangu iko sawa. Ugonjwa huu umetoka wapi?

Mara nyingi umetoka kwa wazazi. Jeni zinazoongoza utengenezaji wa protini za misuli ya moyo zinapokuwa na kasoro, nyuzi za misuli hujipanga ovyo na ukuta wa chumba cha chini cha kushoto hunenepa, hasa ule unaotenganisha pande mbili za moyo. Kwa mtu mzima, daktari huanza kuutaja ugonjwa huu ukuta unapofikia milimita 15 au zaidi bila presha ya juu wala valvu mbovu (valvu ni mlango wa damu ndani ya moyo) ya kueleza unene huo. Inakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 500 anao, na wengi wao hawajui.

Mazoezi huzuia mishipa kuziba na hushusha presha na sukari, lakini hayana uwezo wa kubadili jeni ulizozaliwa nazo. Tena mwili uliozoea mazoezi unaweza kuuficha ugonjwa kwa miaka: pumzi inapokata kwenye kilima au moyo unapokwenda mbio kupita kiasi, mkimbiaji hujiambia kwamba amepunguza mazoezi, akaongeza bidii. Anayejilaumu kwa chakula alichokula na anayemtafuta aliyemroga wote wanamsaka mkosaji mahali asipokuwepo.

Je, haiwezekani kwamba moyo umenenepa kwa sababu ya mazoezi tu?

Inawezekana, na swali hili linastahili kuulizwa mbele ya daktari bingwa wa moyo. Mazoezi mazito ya miaka mingi hukuza moyo, na miongoni mwa wanamichezo wenye asili ya Afrika ukuta huelekea kuwa mnene kidogo zaidi bila kuwapo ugonjwa wowote, kwa hiyo vipimo vya milimita 13 hadi 15 huwa katika eneo la utata. Kipimo cha mawimbi ya sauti, kinachojulikana zaidi kama ECHO, huonyesha tofauti kadhaa: moyo wa mwanamichezo hunenepa kwa usawa na chumba chake hupanuka pia, ilhali katika ugonjwa huu unene mara nyingi huegemea upande mmoja na chumba hubaki kidogo. Kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, husaidia, na MRI ya moyo, yaani picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku, huweza kuonyesha makovu ndani ya misuli. Utata ukibaki, mgonjwa huombwa kupumzika mazoezi kwa takriban miezi mitatu na kupimwa upya, kwani moyo uliokuzwa na mazoezi hupungua unene. Niseme wazi, hata hivyo, kwamba kwa mtu anayekimbia mara tatu kwa wiki, ukuta wa milimita 18 hauwezi kusingiziwa mazoezi.

Je, nitaanguka ghafla kama wale wachezaji wa mpira?

Hofu hii ina chanzo. Tarehe 26 Juni 2003, mjini Lyon nchini Ufaransa, kiungo wa Kameruni Marc-Vivien Foé alianguka katikati ya mchezo dhidi ya Kolombia na akafariki akiwa na miaka 28. Uchunguzi wa mwili wake ulionyesha ugonjwa huuhuu. Picha zile hazijatoka vichwani mwetu. Lakini Foé alikuwa akicheza bila ugonjwa wake kujulikana, na hapo ndipo wewe mwenye karatasi mkononi unapotofautiana naye. Miongoni mwa watu wazima wanaofuatiliwa na kutibiwa ipasavyo, vifo vinavyotokana na ugonjwa huu ni chini ya mtu 1 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka.

Hatari hiyo haifanani kwa wote. Daktari atauliza kama umewahi kuzirai bila sababu, hasa wakati wa mazoezi; kama kuna ndugu wa karibu aliyekufa ghafla akiwa kijana; kama ukuta umefikia milimita 30; kama nguvu ya moyo kusukuma damu imepungua; na kama mashine ndogo inayovaliwa kwa saa 24 au 48 imenasa mapigo ya hatari. Mwenye hatari kubwa hushauriwa kupandikizwa chini ya ngozi ya kifua kifaa kinachofuatilia mapigo muda wote na kuushtua moyo kwa umeme unapokwenda mrama. Christian Eriksen, mchezaji wa mpira wa Denmark ambaye moyo wake ulisimama uwanjani Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, alipandikizwa kifaa cha aina hiyo. Kanuni za Italia hazikumruhusu kuendelea kucheza huko akiwa nacho, naye mwanzoni mwa 2022 akajiunga na Brentford ya Uingereza.

Nifanye nini katika wiki za mwanzo?

Simamisha mbio, mechi na kunyanyua vyuma vizito hadi tathmini ya hatari ikamilike, lakini endelea kutembea, kwani kulala kitandani hakuusaidii moyo. Omba rufaa kwenda kwa wataalamu, mathalani Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, au Uganda Heart Institute jijini Kampala. Kabla ya siku hiyo, kaa na wazee wa ukoo uwaulize nani alikufa ghafla, akiwa na umri gani na akifanya nini. Mjomba anayesemekana alizama ilhali alijua kuogelea ni habari ya kitabibu.

Kwa baadhi ya wagonjwa, misuli iliyonenepa huziba njia ya damu inayotoka moyoni, na kwao upungufu wa maji mwilini ni adui wa kweli: kuhara, jua kali na kutokwa na jasho jingi huongeza kizuizi hicho. Anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari mapema, kabla mwezi haujaandama. Dawa za nguvu za kiume kama sildenafil zisinunuliwe duka la dawa kimyakimya, kwani hupanua mishipa na zinaweza kumwangusha mwenye kizuizi. Dawa za kuanzia kwa kawaida ni za kupunguza kasi ya moyo, kama vile bisoprolol au atenolol, na zisiachwe ghafla. Zisipotosha, zipo nyingine, na upo pia upasuaji wa kupunguza sehemu ya ukuta ulionenepa.

Je, nitarudi kwenye mazoezi?

Kwa wengi, ndiyo. Zamani karibu kila mgonjwa alikatazwa, na matokeo yake yakawa watu walionenepa, wenye presha na huzuni juu ya ugonjwa waliokuwa nao. Leo mazoezi ya wastani, ambayo ukiyafanya bado unaweza kuongea ila huwezi kuimba, hupendekezwa kwa wagonjwa walio wengi. Kuhusu mazoezi makali, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliofuatilia watu zaidi ya 1,600 haukuona kwamba waliofanya mazoezi makali walipata matukio ya hatari zaidi ya wenzao. Wengi wao lakini walikuwa wakifuatiliwa na wataalamu, kwa hiyo uamuzi huu hufanywa na mgonjwa pamoja na bingwa wake, si na kocha.

Daktari amesema niko salama, lakini silali. Kwa nini?

Kwa sababu umepoteza kitu, hata kama hakuna anayekuja kukupa pole. Mtu aliyejulikana mtaani kwa jina la mkimbiaji amenyang'anywa, walau kwa muda, namna yake ya kujitambulisha, na kila pigo la moyo ambalo jana hakulisikia leo linamwamsha saa nane za usiku. Hali hii ni ya kawaida katika miezi ya mwanzo. Huzidishwa na kauli za watu wema: "Mbona huonekani mgonjwa?"

Mchezaji wa mpira Nwankwo Kanu aligunduliwa kuwa na kasoro ya valvu ya aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, mwaka 1996, muda mfupi baada ya Nigeria kutwaa dhahabu ya Olimpiki, katika vipimo vya klabu yake mpya, Inter Milan. Ugonjwa wake ulikuwa tofauti na huu, na upasuaji ulimrudisha uwanjani. Lakini katikati ya sherehe na kurudi kulikuwa na miezi ya kusubiri bila kujua. Wewe nawe uko katika miezi hiyo. Acha kujipima mapigo kila dakika kumi, andika maswali yako uyapeleke kliniki, na ukikosa usingizi au hamu ya kula kwa zaidi ya wiki mbili, mwambie daktari waziwazi ili akuunganishe na mshauri nasaha.

Ndugu na watoto wangu wapimwe?

Ndiyo. Kila mtoto ana nafasi ya asilimia 50 ya kurithi jeni hiyo, mvulana kwa msichana. Wazazi, ndugu wa kuzaliwa na watoto wafanyiwe ECG na ECHO, na vipimo virudiwe kila baada ya miaka michache, kwani unene unaweza kuchelewa kujitokeza.

Watu wa nyumbani wajifunze nini?

Wajue kwamba kuzirai, maumivu ya kifua au pumzi kukata bila kazi nzito ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Na ukianguka, usiitike wala kupumua vizuri, wasikumwagie maji: mmoja apige simu ya msaada, mwingine aweke viganja katikati ya kifua na kukandamiza kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wakipokezana hadi msaada ufike.