Saa tatu ya Lafayette si saa tatu yako

Juzi nimeletewa tena kosa lile lile la saa. Safari hii ni mchezo wa kuigiza wa wanafunzi, na onyesho la kwanza linafunguka hivi: Paris, usiku, mishumaa inawaka, Thomas Jefferson amewaalika wanamapinduzi wa Ufaransa kwa chajio, na Lafayette, jenerali wa Kifaransa na mbunge wa mapinduzi, anaingia "saa tatu kamili" kama alivyoahidi kwenye barua. Mwandishi, kijana ninayempenda sana, ananiomba "marekebisho madogo tu, mwalimu".

Ninayo, na kwa miaka yote niliyofundisha watu kusoma miandiko ya karne ya 18 nimeyarudia mpaka mate yamekauka. Leo nayaandika hapa ili atakayeuliza tena nimtumie kiungo nikalale.

La haraka kwanza: Jefferson hakumwalika mtu. Barua ni ya Lafayette, ya mwishoni mwa Agosti 1789, na anajialika mwenyewe. Anamsihi Jefferson, wakati huo balozi wa Marekani, avunje miadi yake yote "kwa ajili ya uhuru" awape chakula kesho, Jumatano, yeye na wabunge wenzake, jumla wanane. Kwa nini si kwake? Kwa sababu nyumba yake imejaa watu wakati wote. Alikuwa kamanda wa Walinzi wa Taifa, jeshi la raia la Paris, tangu Julai, kwa hiyo hapo namwamini.

Ameiandika mwenyewe, kwa Kiingereza. Kiingereza alijifunza akiwa mtu mzima, melini akielekea Marekani mwaka 1777, na kinaonekana: ameandika "Breack", ametupa herufi kubwa katikati ya sentensi kama anayepanda mahindi bila kamba, na alipokosa neno la kuwaunganisha watu akachukua la Kifaransa akalivisha koti la Kiingereza: "Coalize". Tafadhali msimsahihishie makosa hayo mnaponakili. Ndiyo yanayokuonyesha mtu mwenye haraka, aliyekamata kalamu mwenyewe badala ya kumwita karani.

Sasa twende kwenye saa. Anasema wengine huenda wakachelewa, lakini yeye atafika saa tatu barabara. Saa tatu ya Kizungu, jamani! Mshale mfupi ukiwa kwenye tatu, mchana, sisi tunasemaje? Saa tisa. Kila mmoja wenu anajua hivyo anapopanda basi, ila akishika barua ya kale anasahau, anaandika "saa tatu", kisha anajiuliza: saa tatu asubuhi hawali pilau, basi lazima ni usiku. Kosa la kwanza linazaa la pili, na la pili linawasha mishumaa.

Na hili la pili ndilo linaloniudhi zaidi, maana hata wanaopatia saa hulifanya. Kamusi inawaambia dîner, neno la Kifaransa lililozaa "dinner" ya barua hiyo, ni chajio. Ya leo, ndiyo. Lakini dîner na déjeuner (chakula cha mchana cha leo) ni ndugu wa tumbo moja: yote yametoka kwenye neno la Kilatini la kufungua mfungo. Yaani kifungua kinywa! Wala tusiwacheke, maana nasi tuna kifungua kinywa cha alfajiri na futari ya magharibi, kazi moja kwa nyakati mbili. Dîner ilianzia asubuhi, ikasogea adhuhuri, na katika karne ya 18 wenye nacho wa Paris wakawa wanaisukuma alasiri: saa nane, saa tisa, saa kumi. Cha usiku kiliitwa souper. Huhitaji hata kwenda maktaba kuamini. Waulize ndugu zetu wa Bukavu au Bujumbura, waliorithi Kifaransa cha Ubelgiji: wengi wao bado wakisema dîner wanamaanisha cha mchana, na souper ndiyo ya jioni. Kwa hiyo andikeni "chakula cha alasiri", au "karamu" tu kama alasiri inawakwaza.

Kuna jambo vitabu hulipita kwa ulaini. Jefferson aliisimulia karamu hii kwenye kumbukumbu za maisha yake alizoanza kuziandika mwaka 1821, akiwa na miaka 77. Anasema kitambaa cha meza kiliondolewa, mvinyo ukaletwa kwa desturi ya Kimarekani, na mjadala ukaenda kuanzia saa kumi hadi saa nne usiku. Hesabu basi. Lafayette kafika saa tisa, wenzake wamechelewa, meza ya watu tisa imeandaliwa na kusafishwa, na saa kumi tayari wanajadili? Nyumba ile ilikuwa na mpishi hodari, James Hemings, kijana wa miaka 24 aliyesomea upishi wa Kifaransa hapo hapo Paris (na ambaye, huku wageni wakidai uhuru sebuleni, alikuwa mtumwa wa mwenye nyumba). Hata hivyo muda wa saa moja nauona finyu. Mimi nahisi mzee amekadiria, au amehesabu tangu walipokaa mezani.

Anasema pia alikaa kimya akisikiliza. Hmm. Barua inasema wabunge wanataka kushauriana naye. Mtu uliyefuatwa nyumbani kwa ushauri, unanyamaza kwa muda wa saa sita? Asubuhi yake alikwenda kujieleza kwa waziri wa mambo ya nje, Montmorin, akaambiwa habari zote zilishafika. Balozi aliyenyamaza kweli haamki mapema hivyo.

Ugomvi wenyewe uliowaleta mezani ulikuwa kura ya turufu ya mfalme wa Ufaransa: azuie sheria moja kwa moja, aisimamishe kwa muda, au asiwe nayo kabisa. Jefferson anasema waliafikiana. Lakini Mounier, anayemtaja mezani, alitaka bunge la mabaraza mawili na turufu kamili. Septemba 10 Bunge lilikataa baraza la pili kwa kura 849 dhidi ya 89, kesho yake likapitisha turufu ya muda kwa 673 dhidi ya 325, na Mounier akajitoa kwenye kamati ya katiba. Mwafaka gani huo? Nadhani waliokubaliana ni wale wengine.

Kijana wangu amejibu kwamba mishumaa ameshainunua. Sawa. Kwa saa za enzi hizo, jua la mwisho wa Agosti Paris lilizama karibu saa moja jioni, na walikaa hadi saa nne. Aiwashe onyesho la tatu.