Laina ya kupuliza kwenye pikapu: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Pikapu ya Nairobi haipati likizo. Alfajiri inashusha viazi Marikiti, mchana inabeba mabati kutoka Industrial Area, jioni inapeleka mawe ya Ndarugo kwenye mjengo kule Ruai. Rangi ya kiwandani kwenye sakafu ya bodi haihimili maisha hayo, ndiyo sababu wenye Hilux, D-Max na Navara wanaulizia laina ya kupuliza: koti nene la poliyuretheni, aina ya plastiki, lenye uso wa kukwaruza, linaloshikana na chuma chenyewe. Zipo paketi za kujifanyia, na mtu makini anaiweza kazi hiyo. Kinachoiharibu ni maneno ya gereji, yanayorudiwa kwa uhakika mpaka yanageuka kanuni. Nitayapitia hapa bila kuyapa uzito sawa, kwa kuwa mengine yanakula pesa tu na mengine yanakula mapafu.

"Laina inaua kutu"

Mtu ananunua pikapu iliyotumika, sakafu imeanza kushika kutu kwenye mikunjo, anaambiwa: "Mzee, hiyo tupige laina juu. Kutu ikikosa hewa inakufa." Haifi. Kutu ni ganda lililolegea, lenye vinyweleo vinavyohifadhi maji. Laina ikipakwa juu yake inashika ganda hilo, haigusi chuma kizima kilicho chini. Ganda likiachia, laina inaondoka nalo. Isitoshe, unyevu haukosi njia: unaingilia kingoni, kwenye boliti, kwenye kila mchubuko, na kutu inaendelea kutambaa gizani bila mwenye gari kujua.

Angalia pikapu iliyopakwa hivyo baada ya misimu kadhaa ya mvua. Karibu na mlango wa nyuma, pale maji yanapotuama, utaona uvimbe mdogo. Chokora ukingo wake kwa ncha ya kisu, laina itainuka kipande kizima. Juu ni nyeusi, safi, unaweza kudhani ilipakwa jana. Igeuze: upande wa chini umebeba unga mwekundu kama wa tofali lililosagwa, na chuma kilichobaki kimeliwa vishimo vishimo.

Kutu inaondolewa kwanza. Tumia grainda yenye brashi ya waya au diski ya msasa mpaka chuma king'ae. Vishimo visivyofikiwa na brashi vipake dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, uifuate na usafi ulioelekezwa kwenye kopo. Palipotoboka pakatwe, pachomelewe bati jipya. Puti haiwezi kuziba tundu kwenye sakafu inayoangushiwa mawe. Chuma chote kilicho wazi kipate praima ya epoksi, yaani rangi ya msingi, kabla ya laina.

Wapo pia wanaobandua rangi yote ya kiwandani wakidhani laina haitashika bila chuma kitupu. Wanajitesa bure. Rangi ya kiwandani iliyoshika vizuri, ikipigwa msasa mpaka mng'aro wote uishe, ni msingi bora kuliko praima nyingi zinazopakwa kando ya barabara. Iache.

"Osha na petroli, pitisha msasa, paka"

Petroli inawaka, hilo kila mtu analijua, lakini pia ikikauka huacha utando mwembamba wa mafuta. Dizeli huacha mwingi zaidi. Laina haishiki juu ya mafuta, na haishiki kabisa juu ya silikoni, ile iliyomo kwenye dawa za kung'arisha matairi na dashibodi. Ukiwa na mazoea ya kung'arisha kila kitu pale kwenye kuoshea magari, sakafu ya bodi yako ina silikoni.

Mpangilio nao una maana. Wengi hupiga msasa kwanza, ndipo wanaosha. Msasa ukipita juu ya grisi unaisukuma ndani ya mikwaruzo, na hapo hutaitoa tena. Osha kwa maji na sabuni ya vyombo, suuza, kausha, kisha futa kwa dawa ya kutoa mafuta ya kazi ya rangi ukitumia vitambaa viwili: kimoja cha kupaka, kingine kikavu cha kuifuta kabla haijakauka. Ndipo upige msasa wa namba 120 hadi 180, upulize vumbi, ufute tena. Kuna kipimo rahisi: nyunyiza maji safi. Yakitandaa kama karatasi moja, pako sawa. Yakijikusanya matone matone, bado kuna mafuta, rudia.

Kona na mifereji ndiko laina huanzia kubanduka, kwa sababu mkono haukufika. Pale msasa wa karatasi hauingii, tumia pedi nyekundu ya kusugulia na uwe na subira. Kazi hii peke yake inaweza kumaliza siku nzima, na siku hiyo ndiyo unayoilipia ukimpa fundi mzuri.

Kabla ya kupaka, ziba kwa tepu vichwa vya boliti zinazoshikilia bodi kwenye chesi. Pikapu nyingi, njia rahisi ya kufikia pampu ya mafuta iliyo ndani ya tangi ni kuinua bodi, na boliti zilizozama kwenye poliyuretheni humfanya fundi wa baadaye azikate kwa moto juu ya kazi yako. Matundu ya kutolea maji nayo yabaki wazi.

"Ongeza hadina ikauke haraka"

Hadina, ile kemikali ya kukazia inayochanganywa na rangi, haiikaushi kwa maana ya kuivukiza. Inaungana nayo kikemia, kipimo kwa kipimo. Paketi inayojulikana sana, Raptor ya U-POL, ina chupa nne zenye mililita 750 za rangi kila moja, unajaza hadina mpaka alama ya juu, mililita 250, yaani 3 kwa 1. Ukizidisha, hadina isiyopata mwenzake itaungana na unyevu wa hewani, na koti linakuwa la kukatika. Ukipunguza ili ubakize ya kesho, sehemu ya rangi haitakauka kamwe. Itabaki laini, na gunia la kwanza la saruji litaiburuta. Tikisa chupa dakika 2 kamili ukiangalia saa. Ukishachanganya una muda wa saa moja hivi kabla haijaanza kuwa nzito, na jua kali linaufupisha, kwa hiyo usichanganye chupa zote nne kwa pamoja.

Hadina hiyohiyo ndiyo sababu ya kuyaogopa maji ya kompresa. Ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi inapotoka inaacha vitundu vidogo kwenye koti. Tangi la kompresa la gereji za jua kali ambalo halijafunguliwa valvu ya chini kwa wiki nzima lina maji. Yamwage kwanza, uone yanayotoka.

"Uko nje, jifunge kitambaa tu"

Hapa naomba msomaji asipite haraka.

Ndani ya hadina kuna kemikali zinazoitwa isosianeti. Ukipuliza, zinaruka hewani kama ukungu mwembamba na kuingia mapafuni. Zinajulikana duniani kote kuwa miongoni mwa visababishi vikubwa vya pumu ya kazini, hasa kwa wapaka rangi za magari. Ubaya wake ni huu: mwili ukishazikataa mara moja, hata kiasi kidogo sana baadaye kinaweza kumbana mtu kifua, na hali hiyo kwa kawaida hubaki. Kuna mafundi walioacha kazi waliyoijua tangu ujana kwa ajili ya hilo. Dalili zinaweza kuja saa nyingi baadaye, kikohozi na kubanwa pumzi usiku, na mtu akasema ni baridi ya Nairobi.

Kitambaa hakizuii mvuke, wala barakoa ya vumbi au ile ya hospitali. Kunusa nako hakusaidii, kwa kuwa isosianeti zinaweza kuwa hewani kwa kiasi cha kudhuru kabla pua haijazihisi. Kinga kamili ya kupuliza ni kofia au barakoa inayopewa hewa safi kwa mpira, na hewa hiyo isitoke kwenye kompresa ya kawaida yenye mafuta. Pamoja nayo vaa glavu za nitrili, miwani, na nguo za mikono mirefu, maana hata ngozi inazipokea. Aliyeajiri fundi ana wajibu pia: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake, na kijana wa mkono anayeshika tochi kando ya bunduki ya rangi ni mfanyakazi.

Halafu fikiria majirani. Ploti za Umoja, Kayole au Pipeline, gari linaegeshwa chini ya madirisha ya watu, nguo zimeanikwa, watoto wanacheza kuzunguka. Ukungu haujui mpaka wa parking yako. Msimamo wangu ni kwamba bunduki ya rangi haina nafasi kwenye ploti ya makazi. Kama huna chumba cha kupulizia na kinga ya hewa, nunua laina ya kupaka kwa rola. Uso wake utakuwa na chembe kubwa kidogo, kingo utazimalizia kwa brashi, lakini ukungu unapungua mno. Hata hivyo paka mahali penye hewa nyingi, vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke, na watoto wawe mbali mpaka ikauke.

"Ya kujipakia ni sawa na ya mashine kubwa"

Karakana zenye mashine maalum hupuliza poliyuretheni au poliyurea iliyopashwa moto kwa shinikizo kubwa. Sehemu mbili zinakutana kwenye bunduki na kuganda kwa sekunde. Ndiyo maana wanaweza kujenga unene wa milimita 2 hadi 3 kwa mara moja. Ya chupa huganda polepole, na ukijaribu kufikia unene ule kwa mkupuo mmoja, kiyeyushi kilichomo kinafungiwa chini, uso unavimba mapovu na ndani kunabaki laini. Weka makoti mawili ya wastani, ukiacha saa moja hivi kati yake hali ya hewa ikiwa nyuzi 20, bunduki ikiwa karibu nusu mita kutoka kwenye chuma. Koti la pili lipite kwa kukatiza mwelekeo wa la kwanza. Tepu itolewe mapema, kabla koti halijakaza, la sivyo inachana kingo.

Na hakuna laina yoyote, nene au nyembamba, inayozuia bati kubonyea. Jiwe likiangushwa, litabonyea. Laina inazuia mkwaruzo na kutu inayofuata mkwaruzo.

"Lami ya chini ya gari ni kitu kilekile, tena bei nafuu"

Sivyo. Lami ile imetengenezwa ibaki laini ili ipokee mawe yanayorushwa na matairi. Kwenye sakafu ya bodi, jua la saa nane mchana linaifanya inate, na mteja atakurudishia magunia yenye mabaka meusi.

"Nairobi hali ya hewa ni nzuri, siku yoyote ni sawa"

Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 11 au 12, na asubuhi bodi la pikapu lililolala nje huwa na umande usiouona mpaka upitishe kiganja. Kupaka saa mbili asubuhi siku kama hiyo ni kupaka juu ya maji. Chuma kinatakiwa kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande hufanyika. Kwa vitendo, subiri saa nne au tano, kikauke na kipate vuguvugu. Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba, usianze bila paa. Januari na Februari ni nzuri kwa ukavu, ila kama uko karibu na barabara ya vumbi, mwagia maji ardhi inayokuzunguka kabla ya kuanza.

Urefu huohuo wa Nairobi, pamoja na ukaribu wa ikweta, unafanya jua lake kuwa kali kwa rangi. Laina isiyotengenezewa kuhimili jua hupauka na kutoa unga mweupe. Hiyo haimaanishi imeachia chuma, lakini kama weusi wake unaujali, nunua iliyoandikwa kuwa inahimili miale ya jua.

"Haishiki kidole, pakia"

Kukauka juu na kukomaa ni mambo mawili. Ukigusa jioni itakuwa kavu, lakini chini bado muungano unaendelea, na Julai unakwenda polepole zaidi. Mzigo mwepesi usubiri siku 2 au 3. Mawe, vyuma na mapipa yasubiri wiki nzima. Kwa anayetegemea pikapu kwa chakula cha kila siku, wiki ni ndefu, kwa hiyo panga kazi hii wakati umepata gari lingine la kuazima, au wateja wamepungua.

Ikichubuka baadaye, usikubali kuambiwa ni lazima ibanduliwe yote. Safisha mahali hapo, piga msasa mpaka kwenye laina iliyoshika, paka praima kama chuma kimeonekana, kisha laina mpya ivuke kidogo juu ya ile ya zamani. Kiraka kitaonekana, lakini kitafanya kazi. Kwa hiyo ni vizuri kuwa na chupa moja ya ziada na hadina yake, zote hazijafunguliwa, kwa sababu hadina ikifunguliwa huanza kunywa unyevu wa hewani na baada ya muda haifai. Ziweke mahali pakavu, juu kabisa, watoto wasipofika.