Kumpumzisha bibi siyo kumheshimu

Eti bibi akishafika miaka 70 kazi yake ni kukaa barazani tu na kuletewa kila kitu, hata maji ya kunywa, na sisi tunaona ndo heshima. Jamani hapana. Misuli isipotumika inapungua, na uzeeni inapungua haraka zaidi, kwa hiyo ukimpumzisha sana ndo unamdhoofisha, kesho akinyanyuka anayumba anashika ukuta. Shirika la Afya Duniani linasema wenye miaka 65 na kuendelea wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na ya nguvu na ya kujizoesha kutoyumba siku 3. (Ana presha au goti bovu? Muulizeni daktari kwanza, ila mara nyingi kutembea bado anaweza.)

Sasa kumhubiria "bibi fanya mazoezi" haisaidii, ataitikia "haya mjukuu wangu" na atabaki palepale. Kwetu kilichosaidia ni mdogo wangu kumwambia "bibi nisindikize dukani", kila siku saa 11 jioni, bibi na kanga yake na raba alizorithi kwa mjukuu. Siku hizi dogo akichelewa kutoka shule, bibi ndo anamfokea.