Usingoje Kilo: Jinsi ya Kujua Mtoto Amekizidi Kitanda cha Pembeni

Wazazi wenye mtoto wa miezi mitano huja kliniki na swali lile lile: kitanda chake cha pembeni kimeandikwa mwisho kilo 9, mtoto ana kilo 7, basi ataendelea kukilalia mpaka lini? Nami huwarudishia swali. Usiku anafanya nini humo kitandani? Anajigeuza? Mkimlaza kifudifudi wakati wa kucheza, anajiinua kwa mikono? Kama anafanya hivyo, mzani hauna neno tena. Muda wa kitanda hicho umekwisha, hata kama zimebaki kilo mbili nzima.

Kitanda cha pembeni ni kile kidogo kinachofungwa ubavuni mwa kitanda cha wazazi, mara nyingi kikiwa na ubavu mmoja unaoshuka ili mama amfikie mtoto bila kuinuka. Ni kifaa kizuri na sisi wahudumu wa afya ya watoto tunakiunga mkono, kwa sababu kinamweka mtoto karibu na mama huku akiwa na godoro lake mwenyewe, gumu na lililolala sawasawa. Lakini kimeundwa kwa ajili ya mtoto ambaye bado hawezi kuhama pale alipolazwa. Ndiyo maana kingo zake ni fupi. Kiwango cha Ulaya cha EN 1130 cha mwaka 2019 kinavihesabu vitanda hivi katika kundi la vile ambavyo urefu wake wa ndani hauzidi sentimita 90. Kanuni za Marekani zinakitaja kuwa ni cha mtoto wa hadi miezi 5 hivi, au mpaka atakapoanza kujiinua kwa mikono na magoti. Kwa hiyo ukomo hauko kwenye uzito peke yake, na mara nyingi uzito ndio unaofika mwisho kabisa.

Hebu tuziangalie hesabu zenyewe. Kwa viwango vya ukuaji vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, mvulana wa wastani akitimiza miezi 6 ana kilo 7.9, na msichana ana kilo 7.3. Kilo 9 mvulana huyo atazifikia kwenye mwezi wa tisa hivi, na msichana huzifikia akiwa ametimiza mwaka au ameupita kidogo. Mtoto wa mwaka mmoja anasimama kwa kushikilia vitu! Mzazi anayesubiri mzani ufike kwenye namba ya lebo atakuwa amemwacha mtoto anayesimama ndani ya kitanda chenye ukingo unaomfikia kiunoni au chini ya hapo. Namba ile ya kilo inaeleza uwezo wa chaga, vyuma na mikanda kubeba mzigo. Kuhusu mwili wa mtoto wako unavyojifunza kujiendesha, haisemi lolote.

Wala umri hauwezi kutoa jibu la uhakika. Shirika hilo hilo lilifuatilia lini watoto wenye afya wanaanza kukaa bila kushikwa, na likakuta kuna wanaoanza kabla ya kutimiza miezi 4, na kuna wanaochukua hadi miezi 9 na siku kadhaa. Wote hao wako sawa. Ndiyo maana siwezi kumwambia mama yeyote, "Mtoe tarehe fulani." Mtoto mwenyewe ndiye anayeonyesha tarehe.

Dalili zenyewe

Ya kwanza kuonekana kwa watoto wengi ni kujigeuza. Karibu na mwezi wa nne huanza kutoka kifudifudi kwenda chali, kisha kwenye mwezi wa tano au wa sita hutoka chali kwenda kifudifudi. Lakini kabla hajafaulu kugeuka kabisa utamwona analala kwa ubavu, anatupa mguu mmoja upande wa pili, anazungusha kiuno huku mabega yamebaki nyuma. Hapo ndipo pa kuanza kujiandaa. Kitanda cha pembeni ni chembamba. Mgeuko mmoja tu unaweza kumpeleka uso ukiwa umegandamana na ubavu wa kitanda. Na kama ule ubavu wa upande wa wazazi umeshushwa, mgeuko huo huo unaweza kumvusha hadi kwenye kitanda cha watu wazima, penye mito, mablanketi na godoro laini.

Hapa niseme jambo la shuka. Familia nyingi humviringisha mtoto mchanga kwa shuka mikono ikiwa ndani ili atulie. Dalili za kwanza za kutaka kujigeuza zikionekana, hata kama ni kwenye mwezi wa tatu, acha kumviringisha. Mtoto aliyefungwa mikono akijikuta kifudifudi hana cha kujiinulia uso. Hili halisubiri kitanda kipya; linaanza usiku ule ule.

Dalili ya pili ndiyo ninayoitilia mkazo kuliko zote, na inaonekana mchana kweupe. Mlaze mtoto kifudifudi sakafuni, akiwa macho na wewe uko naye, umtazame kwa dakika chache. Mwanzoni anainua kichwa tu. Wiki kadhaa baadaye anaegemea viwiko. Kisha unakuja wakati viganja vinakanyaga sakafu vidole vikiwa vimetanuka, viwiko vinanyooka, kifua chote kinaondoka chini. Baada ya hapo anavuta magoti chini ya tumbo, anayumba mbele na nyuma kana kwamba anataka kuondoka. Mtoto wa umri huu kichwa chake ni kikubwa na kizito ukilinganisha na mwili mzima, kwa hiyo uzito wake uko juu, kwenye kifua na kichwa. Mikono ikinyooka, kifua kinafika usawa wa ukingo wa kitanda au kinaupita. Akiinama kidogo upande huo, kichwa kinatangulia na mwili unafuata. Hahitaji kujua kupanda wala kuruka ili aanguke.

Ukiona viganja vimekanyaga na viwiko vimenyooka, usiku huo asilale kwenye kitanda cha pembeni. Najua inasikika kama haraka mno. Lakini mtoto hajifunzi ujuzi mpya hatua kwa hatua kwa kufuata ratiba yetu. Kinachomshinda asubuhi anaweza kukifanya alfajiri inayofuata, nyumba nzima ikiwa imelala.

Kukaa mwenyewe, kushika ukingo na kujivuta, kupiga magoti: hizo ni dalili za kuchelewa. Ukiziona mtoto akiwa bado kwenye kitanda cha pembeni, mtoe mara moja.

Urefu nao una sehemu yake. Mvulana wa wastani huzaliwa na sentimita 50 hivi, na akifika miezi 6 ana karibu 68. Vitanda vingi vya pembeni kwa ndani ni vifupi kuliko ule ukomo wa sentimita 90, hivyo kuna watoto warefu ambao kichwa kinagusa mchagoni na nyayo zinagusa miguuni kabla hawajajigeuza hata mara moja. Akigusa huku na huku, amekizidi.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulichukulia kuwa dalili nalo si dalili: kuamka sana usiku. Karibu na mwezi wa nne usingizi wa mtoto hubadilika, na aliyekuwa akilala saa nyingi mfululizo anaweza kuanza kuamka kila baada ya muda mfupi. Hilo likitokea peke yake, kumhamishia kitanda kingine hakutaliondoa.

Kwa mtoto njiti, ukuaji wa viungo huhesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, kwa hiyo anaweza kukaa kwenye kitanda cha pembeni kwa miezi mingi zaidi ya wenzake waliozaliwa siku moja naye. Mama wa njiti asione aibu wala asiharakishe. Dalili ni zile zile, zitakuja kwa wakati wake.

Ahame kitanda, asihame chumba

Hapa ndipo familia nyingi huchanganya mambo mawili. Mtoto akikizidi kitanda cha pembeni, haina maana kwamba sasa apelekwe chumba chake. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, kinashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa angalau miezi 6 ya mwanzo, akiwa kwenye sehemu yake mwenyewe ya kulala. Sababu ni vifo vya ghafla vya watoto wachanga wakiwa usingizini. Hatari hiyo iko juu zaidi kati ya mwezi wa kwanza na wa nne, na sehemu kubwa kabisa ya vifo hivyo hutokea kabla ya miezi 6. Mtoto wa miezi minne anayejigeuza anahitaji kitanda kikubwa chenye kingo ndefu, na anakihitaji humo humo chumbani mwenu. Kiwekeni karibu, hata kama itabidi meza itolewe nje.

Kitanda hicho kikubwa kiwe na godoro gumu linaloenea vizuri. Ukiweza kupenyeza vidole viwili kati ya godoro na ubavu, godoro hilo ni dogo kwake. Nafasi kati ya mbao za wima isizidi sentimita 6, ili mwili wa mtoto usipenye kichwa kikabaki ndani. Kama chaga zinapandishwa na kushushwa, kwa mtoto anayeweza kujiinua au kukaa zishusheni mpaka chini kabisa tangu siku ya kwanza. Vitanda vya zamani ambavyo ubavu wake mmoja hutelezeshwa juu na chini msivichukue hata mkipewa bure: Marekani ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2011 baada ya watoto kunaswa na kufa pale ubavu ulipoachia.

Ndani ya kitanda pawe na godoro, shuka lililovutwa likakaza, na mtoto. Basi. Mito, midoli laini na yale magodoro membamba ya kuzungushia kingo yanapendeza kwenye picha lakini yanaziba pumzi, na hayo ya kuzungushia kingo Marekani iliyakataza kwa sheria mwaka 2022. Kukiwa na baridi, mvalishe nguo ya kulalia iliyoshonwa kama mfuko, isiyo na uzito wa ziada. Midoli inayoning'inizwa juu ya kitanda iondolewe mtoto anapoanza kujiinua, na kitanda kiwe mbali na kamba za mapazia.

Chumba kikiwa kidogo, kitanda cha kukunja chenye kuta za wavu kinafaa pia, mradi kitumike na godoro lake lile lile jembamba. Wazazi hulionea huruma godoro hilo na kuongeza jingine laini juu yake. Msifanye hivyo, kwa sababu uwazi unaobaki pembeni unatosha kumnasa mtoto. Kitanda chenu cha watu wazima kisiwe kituo cha muda wakati mnatafuta kingine. Na kulala na mtoto kwenye kochi ni hatari zaidi ya vyote.

Kuhusu kumzoesha: kama dalili ndiyo kwanza zinachungulia, anza na usingizi wa mchana kwenye kitanda kipya kwa siku chache, kisha usiku. Kama tayari anajiinua, hakuna muda wa kuzoesha, anahama leo. Mlaze chali kila mara. Ikiwa anaweza kujigeuza pande zote mbili mwenyewe, akijigeuza usingizini huna haja ya kumrudisha. Huenda usiku kadhaa za mwanzo atalia zaidi ya kawaida, na mama anayenyonyesha atachoka kwa kuinuka. Uchovu huo ni wa kweli, nami sitaki kuupuuza. Baba au mtu mwingine wa nyumbani amlete mtoto kwa mama na kumrudisha akishashiba, maana mama aliyechoka sana ndiye anayepitiwa na usingizi mtoto akiwa kifuani.

Kitanda cha pembeni kikishakuwa kitupu, kuna anayekingojea katika ukoo au kwa jirani. Kabla ya kukigawa, kaza skrubu zote, kagua wavu kama umechanika, na uhakikishe mikanda ya kukifungia kwenye kitanda cha watu wazima ipo na inashika bila kuacha uwazi wowote kati ya magodoro mawili. Kitoe pamoja na godoro lake na karatasi ya maelekezo ya mtengenezaji. Kama mikanda imepotea au ubavu umelegea, usimpe mtu. Kivunje kabla ya kukitupa, ili asitokee mwingine akakiokota na kumlaza mtoto wake humo.