Matende si kukanyaga uchawi

Huku Pwani mguu ukivimba usishuke, utasikia: "Amekanyaga kitu." Hakuna alichokanyaga. Matende huletwa na minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu. Minyoo hiyo huharibu mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwili kwenye damu, na maji yakakosa njia ya kurudi. Vidonge hupunguza minyoo, lakini mguu ulioharibika huhitaji kutunzwa: uoshwe kwa sabuni kila siku, ukaushwe hadi katikati ya vidole, uinuliwe ukikaa.

Kisha bandeji ya kubana. Huanzia karibu na vidole hadi chini ya goti, ikikaza zaidi chini kuliko juu. Wengine hukaza juu tu, kama mdomo wa gunia, na maji yote hubaki wayoni! Mwenye homa, mguu mwekundu wenye maumivu, au damu isiyofika vizuri mguuni, amwone daktari kabla ya kufunga.