Cheti cha kijani hakisomi mita ya umeme

Watu wengi wanaamini jengo la ofisi likishapewa cheti cha kijani, yaani cha kujali mazingira, basi linatumia umeme kidogo, imani ya miaka mingi hiyo na sio lazima iwe kweli. Chukua LEED, cheti cha kijani cha Marekani, jengo jipya linakusanya pointi kati ya 110, likifika 60 linapata daraja la Gold, 80 Platinum, ila pointi zinatoka kwenye vitu vingi, maji, vifaa vya ujenzi, ukaribu na usafiri wa umma, na zile za umeme kwa kawaida ni hesabu za kompyuta zilizopigwa kabla watu hawajahamia. Sasa watu wakishaingia, jua la alasiri linapiga ukuta wa vioo upande wa magharibi, wanashusha mapazia halafu wanawasha taa mchana kweupe, AC inaunguruma mpaka usiku kwenye floo isiyo na mtu.

Cheti sio uongo, mi nakiunga mkono kabisa. Ila ukitaka matumizi halisi angalia NABERS, mfumo wa Australia wa kupima majengo, huo unasoma mita za miezi 12 jengo likiwa linatumika, na alama zake zinapimwa upya kila mwaka.