“Nipimeni kila kitu”: dhana potofu kuhusu vipimo na dalili

Wagonjwa wengi huingia kwa daktari wakiwa na haraka ya kupewa karatasi ya maabara. Maswali ya maumivu yalianza lini, yanahamia wapi na umekunywa dawa gani huonekana kama kupotezewa muda. Kumbe mara nyingi majibu ya maswali hayo, pamoja na kushikwa tumbo na kusikilizwa kifua, ndiyo yanayomwonyesha daktari ugonjwa wa kushuku. Kipimo huja baadaye, kuthibitisha au kukanusha.

“Widal imesoma, basi nina taifodi”

Hii inaniudhi kuliko zote, maana imewamezesha antibayotiki watu wengi wasiozihitaji. Kipimo hiki kimekuwepo tangu 1896 na kina jina la tabibu Mfaransa, Fernand Widal. Hakimtafuti bakteria wa taifodi mwenyewe. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza dhidi ya sehemu zake mbili, zinazoandikwa O na H. Tatizo ni kwamba kingamwili hizo huendelea kuwepo muda mrefu baada ya mtu kupona. Zinaweza pia kutokana na chanjo, au kuchochewa na bakteria wengine wa jamii ya Salmonella, na hata mgonjwa wa malaria anaweza kupata jibu la kupotosha. Karatasi iliyoandikwa “O 1:80, H 1:160”, iliyopimwa mara moja tu, haitoshi kusema mtu ana taifodi. Na kinyume chake: mwenye taifodi ya siku chache anaweza kutoka hasi, kwa kuwa kingamwili bado hazijapanda.

Kinachothibitisha ni kuotesha damu, yaani kuiweka maabara ili bakteria waliomo wakue waonekane, na inafaa damu ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki. Majibu huchukua siku kadhaa, na baadhi ya wagonjwa wa taifodi hutoka hasi humo pia. Ndiyo maana daktari huuliza kwa makini kuhusu homa inayopanda siku hadi siku, tumbo linalouma na hamu ya kula iliyopotea.

“Homa ni malaria tu, na kipimo kikisoma tena baada ya dozi, dawa imeshindwa”

Hapa kuna makosa mawili. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, kwa sababu nimonia, mafua makali na maambukizi mengine mengi huanza na homa ileile. La pili linahusu vile vipimo vya haraka vya tone la damu. Vingi vyake hutambua protini ya vimelea iitwayo HRP2, ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa. Aliyemaliza dozi majuzi na homa ikamrudia anahitaji damu yake iangaliwe kwa darubini.

“Presha ikipanda ningejisikia”

Wengi hawajisikii chochote, kwa miaka. Kichwa kuuma hakuonyeshi kwamba presha imepanda, na kichwa kutouma hakuonyeshi kwamba iko sawa. Kwa kawaida hugundulika ikifika 140/90 au zaidi katika siku tofauti, isipokuwa ikiwa juu kupindukia siku ya kwanza. Tena upimaji wenyewe una masharti: ukae umetulia dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu bila kukunja nne, mkanda ufungwe kwenye mkono usio na nguo na mkono huo uwe usawa wa moyo. Kibofu kiwe hakijajaa. Na usizungumze, jambo ambalo hata wapimaji husahau, wanapiga soga na mgonjwa huku mashine inasoma.

“Vipimo vikiwa vingi, ukweli unaonekana zaidi”

Tupige hesabu. Chukua watu 1,000 wasio na dalili yoyote, na ugonjwa unaompata mmoja kati yao. Kipimo kinamnasa huyo mmoja, lakini kwa wasio na ugonjwa huo hukosea mara 5 katika kila 100. Watakaoambiwa “chanya” ni kama 51, na mgonjwa wa kweli ni mmoja. Kipimo hichohicho, akipimwa mtu mwenye dalili zinazolingana na ugonjwa huo, jibu lake lina uzito mkubwa zaidi, kwa sababu uwezekano wa kuwa nao ulikuwa juu tangu mwanzo.

Viwango vya kawaida vilivyochapishwa pembeni ya majibu vina mtego wa aina hiyo. Vingi huwekwa ili viwachukue watu wenye afya njema 95 kati ya 100, maana yake 5 wasio na tatizo lolote huandikiwa “juu” au “chini”. Mtu mwenye afya njema akifanyiwa vipimo 20 visivyotegemeana, uwezekano wa angalau kimoja kutoka nje ya mstari ni takriban 64%. Hapo ndipo huanza safari ya vipimo vya kufuatilia vipimo.

“Mkojo una bakteria, kwa hiyo ni UTI”

UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo. Bila maumivu ya kukojoa, haja ndogo ya mara kwa mara au homa, bakteria kwenye mkojo kwa kawaida hawatibiwi. Mjamzito ni tofauti: yeye hutibiwa hata bila dalili. Na kohozi la kijani, je, ni ushahidi wa bakteria? Rangi hiyo hutoka kwenye chembe nyeupe za damu, hivyo huonekana hata kwenye mafua ya virusi.

“ECG yangu ni nzuri, huu si mshtuko wa moyo”

ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ya kwanza inaweza kuwa safi kabisa wakati mshipa wa moyo unaziba. Troponini, protini inayopimwa kwenye damu na ambayo huvuja kutoka kwenye msuli wa moyo ulioumia, huchukua saa kadhaa kupanda. Wenye kisukari, wazee na wanawake huweza kukosa yale maumivu makali ya kifua, wakaja na pumzi fupi, kichefuchefu, jasho la baridi au taya linalouma. Mgonjwa anayeshukiwa hivyo huwekwa kwenye uangalizi, ECG ikarudiwa, na troponini ikapimwa tena saa chache baadaye, hata kama majibu ya kwanza yalikuwa sawa.